Kiashiria Kimeshuka, Hisa Zako Je?

Huku Mbagala, habari za Soko la Hisa la Dar es Salaam hutufikia kwa sentensi moja ya redioni: kiashiria kimepanda, au kimeshuka. Jirani yangu muuza vitenge, mwenye hisa chache za benki ya hapa nchini, aliisikia hiyo ya pili akaja na wasiwasi. "Kaka, niziuze mapema?" Nikamuuliza: kiashiria kipi?

Maana vikubwa ni viwili. DSEI hubeba kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya kama KCB, East African Breweries na Jubilee, ambazo hisa zake huuzwa pia Nairobi. TSI huhesabu za ndani tu: TBL, CRDB, NMB, Twiga na wenzao. Kwa hiyo wawekezaji wa nje wakiuza kwa wingi kule Nairobi, DSEI inaweza kuteremka huku hisa za jirani yangu hazijapungua hata senti. Tulipotazama bei, zake zilikuwa palepale.

Lakini jambo zito zaidi kwangu ni hili: kampuni hazina sauti sawa ndani ya kiashiria. Kila moja huingia kwa thamani yake sokoni, yaani bei ya hisa mara idadi ya hisa zake. Ni kama mchango wa harusi. Mjomba mmoja akitoa milioni, wastani wa kamati hupanda, na sisi wengine tumetoa elfu kumi zetu zilezile. TBL, iliyo kubwa, ikiyumba, kiashiria huyumba nayo. TOL, iliyo ndogo ingawa ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa soko lilipofunguliwa Aprili 1998, inaweza kupanda vizuri na namba isitikisike.

Hata utulivu hudanganya. Soko letu ni dogo, na zipo hisa zinazopitisha siku bila kuuzwa wala kununuliwa, bei ikabaki ile ya mwisho. Faida za kampuni, gawio, riba ya hati fungani za serikali, vyote husukuma bei, ila ni pale tu watu wanapofanya biashara.

Tangu nielewe jinsi kiashiria kinavyohesabiwa, kila namba inayosemwa kwa niaba yetu sote naiuliza maswali mawili: nani kahesabiwa humo, na nani kabeba uzito? Wastani wa darasa ukishuka, mzazi wa Tandika humgombeza mwanawe kabla hajaitazama karatasi ya mtoto mwenyewe. Huko ni kumwonea.

Jirani yangu hakuuza. Nawe ukisikia soko limeshuka, mpigie dalali wako umuulize bei ya hisa zako, kisha soma hesabu za kampuni uliyowekeza. Za benki hutoka magazetini kila robo mwaka.