Kalamu Chini, Nyundo Mkononi: Miezi Mitatu Ufipa

Wapo miongoni mwenu waliouliza kwa nini safu hii haikuonekana tangu mwezi Juni. Mmoja alidhani naumwa, na mwingine, nimesikia, alidhani nimekosana na wakubwa wa gazeti. Si hivyo. Niliomba ruhusa ya miezi mitatu, mhariri akanipa, kwa sharti kwamba kabla ya muda kwisha nilete waraka mmoja. Ndio huu. Nauandika nikiwa nimeketi juu ya debe lililopinduliwa, katika kijiji kilicho kati ya Sumbawanga na Chala, na kalamu inateleza kwa sababu ngozi ya kidole cha shahada imebanduka.

Sababu ya safari naieleza kama ilivyo. Kwa muda wa miaka sita nimekuwa nikiwahimiza vijana wa Kiislamu, kupitia ukurasa huu, wajifunze kazi za mikono. Ijumaa moja, baada ya swala, kijana mmoja fundi wa kuchomelea mageti alinipa mkono, akanishukuru kwa makala zangu, kisha akauliza: "Ustadhi, na mkono wako wewe unajua nini?" Hakuwa na kejeli. Nilimjibu maneno fulani kuhusu kalamu kuwa nayo ni zana ya kazi, akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Jibu lile halikuniridhisha mimi mwenyewe niliyelitoa.

Maana baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi. Nilipofika umri wa miaka kumi na minne nilimwambia kwamba moshi unaniumiza macho na kwamba nataka shule. Aliniacha niende. Alichosema ni kwamba koleo litakaa palepale nilipoliacha. Sasa yeye hayupo, na koleo liko kwa kaka yake, baba yangu mkubwa, aliyekwisha kuvuka miaka sabini. Wanawe wawili wako mjini. Mmoja ni dereva wa lori, mwingine anauza simu Mbeya. Hakuna aliyeshika nyundo. Nikaona kwamba nikichelewa mwaka mmoja tu, huenda nikawa naandika taazia badala ya kwenda kujifunza.

Anayetoka Mbeya hupita Tunduma, kisha barabara ya lami humwelekeza kaskazini magharibi, akipitia Laela. Msitu hupungua kadiri anavyopanda. Ghafla nchi inakuwa majani matupu, vilima vya mviringo, na anga iliyo kubwa kuliko inavyostahili. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Mashariki nyanda zinakatika kwa mteremko mkali hadi kwenye bonde la Ziwa Rukwa; magharibi zinashuka hadi Tanganyika, ambako wafanyabiashara Waislamu walifika zamani kwa mitumbwi na majahazi. Babu yangu alisilimu huko ziwani, akapanda juu na dini yake pamoja na nyundo yake.

Watu wa mikoa mingine hupenda kulifanyia mzaha jina la Sumbawanga, kana kwamba ni makao makuu ya uchawi. Wenyeji husema jina hilo maana yake ni "tupa uchawi". Ni agizo la kuutupa, si mwaliko wa kuuleta, na Muislamu angepaswa kuwa wa mwisho kulicheka. Nimekaa mjini siku mbili, nikaswali na watu wa Mazwi na Katandala, nikanunua sweta sokoni, kwa sababu Julai ya Ufipa haimtanii mtu wa pwani. Maji ya udhu ya alfajiri yanauma mifupa.

Kijijini nilipokelewa na baba mkubwa bila maswali. Asubuhi ya kwanza hakunipa nyundo. Alinichukua kwa miguu, mwendo wa saa nzima, hadi penye kichuguu kikubwa kando ya shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa. Palikuwa na ukuta wa udongo mwekundu uliosimama nusu, na kuuzunguka, mawe meusi mazito yenye matundu, mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikaokota moja. "Mavi ya chuma," alisema. Lile lilikuwa gofu la tanuru, ambalo Wafipa huliita ilungu. Yakiwa mengi, malungu.

Nilikuwa nimesoma habari hizo kabla ya kuondoka. J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya wahunzi wa Ufipa mwaka 1969, na Profesa Bertram Mapunda alifanya utafiti wake wa uzamivu juu ya mabaki ya chuma nyanda hizi, akaukamilisha mwaka 1995. Lakini kusoma ni jambo moja, na kusimama chini ya ukuta ule ni jingine. Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kimo chake hufikia mita tatu, chini pana, juu jembamba. Kuzunguka kitako chake palikuwa na matundu yaliyotiwa mirija ya udongo. Ndani walipanga kuni, makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, kisha wakawasha. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Urefu wa tanuru lenyewe uliuvuta upepo kutoka chini kwenda juu, moto ukajilisha hewa siku kadhaa, usiku na mchana. Kilichotoka hakikuwa bado chuma safi. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi, hadi takataka zikatoka na pande la chuma likabaki.

Kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi. Wanaume waliyeyusha porini, wakapiga kambi huko, wakajitenga na nyumba zao mpaka iishe. Walikuwa na dawa zao na matambiko yao, walilipamba tanuru kama bi harusi, na katika hayo sisi hatuna haja. Lakini lile la kujitenga nimelifikiria sana. Tanuru la namna ile halifanywi baada ya saa za kazi. Ukiliacha nusu ya usiku ukaenda kwenye shughuli nyingine, unakuta udongo na makaa, na mawe yamerudi kuwa mawe. Mimi nilizoea kuandika safu hii baina ya kikao na kikao, mara nyingine ndani ya daladala.

Uyeyushaji ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yaliposhuka bei na vijana walipoanza kwenda mbali kutafuta kazi ya mshahara. Babu hakuwahi kuyeyusha jiwe. Lakini ufuaji haukufa. Wahunzi waliacha mawe wakageukia chuma chakavu, na hadi leo ndivyo ilivyo. Malighafi ya baba mkubwa ni springi za malori yaliyovunjika njiani. Hufua shoka, mundu, visu, hutengeneza plau za ng'ombe wa maksai, na juu ya yote hufua jembe pana la kienyeji. Mfipa humtaka jembe mzito, kwa sababu hulima kwa kufukia majani chini ya matuta ya mviringo yaitwayo intumba, yaoze, kisha ardhi ile inenepe kwa ajili ya msimu ujao. Jembe jepesi la dukani, wanasema, linarukaruka juu ya majani.

Wiki mbili za mwanzo nilivukuta tu. Mivukuto ni ya ngozi ya mbuzi, miwili, mkono wa kulia ukishuka wa kushoto unapanda, na hewa isikatike. Hapo nikakumbuka hadithi ambayo nimeitaja katika ukurasa huu mara nne kama si tano: Mtume (SAW) alimfananisha rafiki mwema na mwenye kubeba miski, na rafiki mbaya na mwenye kuvukuta mivukuto, ambaye ama atakuunguzia nguo au utapata kwake harufu mbaya. Niliieleza mara zote hizo bila kuwahi kukaa karibu na mivukuto tangu utotoni. Siku ya tatu cheche iliruka ikatoboa kanzu yangu kifuani, tundu la ukubwa wa punje ya hindi. Baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza kama hadithi ile haimuudhi, yeye mwenye kazi hiyo. Akaniuliza kwa nini imuudhi, ilhali ni kweli nguo zinaungua. Kisha akanikumbusha Khabbab bin al-Aratt, sahaba mhunzi wa Makka, aliyekuwa akifua panga, na ambaye al-As bin Wail alikataa kumlipa haki yake mpaka aikane dini. Na akanikumbusha Abu Sayf. Huyu nilikuwa nimemsahau kabisa. Mwana wa Mtume, Ibrahim, alilelewa katika nyumba ya Abu Sayf, mhunzi wa Madina, kwa kuwa mkewe ndiye aliyemnyonyesha. Siku moja Mtume alikwenda kumwona mwanawe, na Anas bin Malik akakimbia mbele, akakuta nyumba imejaa moshi, Abu Sayf anavukuta. Akamwambia asimame, Mtume amefika. Akasimama. Baba mkubwa huisimulia habari hii akiwa ameshika fito la mivukuto, na anaposema "akasimama", naye huachia. Kibanda kinanyamaza.

Adhuhuri ikiingia tunaacha chuma popote kilipofikia. Birika la maji ya udhu hukaa kando ya makaa, na hiyo ndiyo anasa pekee ya karakana hii. Msikiti wetu ni chumba cha matofali ya kuchoma, na jamaa yetu hukamilika tukiwa wanane.

Mwezi wa pili nilipewa nyundo. Chuma husemwa kwa rangi: kikiwa chekundu kama damu hakisikii, kikiwa na rangi ya chungwa kinakubali, kikianza kuwa cheupe na kurusha cheche kimeharibika na hakirudi. Mkono hujua hivyo baada ya macho, na macho huchelewa. Jembe langu la kwanza nililifua siku mbili. Lilikuwa na umbo. Nililitia tena motoni, nikaharakisha, nikalizamisha majini lingali na joto kupita kiasi. Sikuona kitu. Nilisikia sauti ndogo, tii, kama kikombe kinapogusana na sahani. Ufa ulikuwa mwembamba kuliko unywele, kutoka kwenye makali hadi katikati.

Baba mkubwa hakusema neno. Alilichukua, akalitupa kwenye rundo la chakavu pamoja na springi. Mimi katika kazi yangu ya kalamu nimewahi kutoa makala zenye ufa, nikijua zina ufa, kwa kuwa siku ya kupeleka mtamboni ilikuwa imefika. Zilisomwa. Pengine wewe msomaji uliusikia mlio ukanisitiri.

Mke wangu hupiga simu kila baada ya isha. Nilipomweleza juu ya tanuru lililopambwa kama bi harusi, alisema afadhali hao walimaliza kiangazi wakarudi, je mimi? Ana haki. Miezi hii yeye ndiye anayebeba nyumba, watoto, na wakwe, na wala sikumwandalia akiba ya kutosha kabla ya kuondoka. Hilo ni kosa langu, na silifuniki kwa maneno ya kujifunza ufundi. Tumekubaliana kwamba nirudi wiki ya kwanza ya Septemba, na mdogo wangu wa kiume aje kwa baba mkubwa mvua zikikaribia. Mimi nitapanda tena kila kiangazi, Insha Allah, na safu itasimama kila nitakapokuwa huku. Mhariri ameguna, lakini hakukataa.

Jumamosi iliyopita jembe langu la nne lilitoka majini likiwa kimya. Mama mmoja wa kijiji cha pili alikuja kununua. Aliligonga kwa fundo la kidole, akaliweka karibu na sikio, akaligonga tena upande wa pili. Akauliza nani amelifua, kwa sababu mabega yake hayafanani na ya mzee. Baba mkubwa akajibu, "Sisi." Mama akasema kwamba kama ni hivyo basi bei ipungue, na tukapunguza. Alilipa nusu, nusu nyingine ataileta akiuza maharage.