Tulipochoma Mifupa Ili Tunywe Maji

Zamani zile, ukipanda basi la Moshi pale stendi ya Arusha, kondakta alikuwa anajua nani atashukia kwetu, Maji ya Chai, kabla hujamwambia. Alikuwa anatazama meno. Ya kwetu yalikuwa ya kahawia, mengine yamemomonyoka kingo, na haikuwa tumbaku wala uvivu wa kupiga mswaki. Wasichana wa kwetu walicheka huku wamejiziba mdomo kwa kiganja, na wengine waliendelea hivyo hata baada ya kuolewa mbali.

Watu walisema meno, lakini jambo zito lilikuwa mifupa. Tulikuwa na watoto wenye matege ya kutisha, na wazee waliokakamaa mgongo, wasioweza kukutazama mpaka wageuke mwili mzima. Wapo waliosema wamerogwa, wapo waliosema ni ukoo. Kumbe ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuyeyukia majini. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Serikali iliona kwamba ikifuata kiwango cha chini namna hiyo itafunga vyanzo vya watu wengi mno, kwa hiyo mwaka 1974 ikaruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa muda tu. Muda huo ulikuwa mrefu. Na Mto Maji ya Chai hata hizo 8 ulizipita.

Mto ule una rangi ya kahawia, mgeni akiuona anasita. Shida ilikuwa chemchemi na visima vyenye maji meupe, baridi, matamu. Utamwambiaje mama kwamba maji mazuri namna hiyo ndiyo yanayompinda mwanawe miguu? Tena kuchemsha, dawa tuliyofundishwa shuleni kwa maji yote, hakusaidii kitu. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki ileile.

Miaka ya tisini nikapata kibarua cha kuchoma mifupa. Wataalamu wa kituo cha utafiti pale Ngurdoto walikuwa wanatafuta njia ambayo kijiji kinaweza kuimudu, na Oktoba 1995 wenzao kutoka nchi mbalimbali walikutana hapohapo Ngurdoto kuzungumzia suala hilo. Njia mojawapo ilikuwa shabu na chokaa, iliyotoka Nalgonda, India: unakoroga kwenye ndoo, unasubiri machicha yatuame, unachuja. Inafanya kazi, ila inataka vipimo kila siku, na mama aliyetoka shamba jioni hana nafasi ya kupimapima unga. Njia nyingine ilikuwa mifupa ya ng'ombe.

Mifupa ilikuja kwa magunia kutoka machinjioni, ikiwa bado na vinyamanyama, na mbwa wote wa kijiji walituheshimu. Tuliipanga tanurini pamoja na mkaa, tukabana hewa, ikaungua polepole kwa harufu ambayo sitaki kuieleza. Ufundi ulikuwa kwenye moto. Ukiwa mdogo, mfupa unabaki na mafuta na maji yananuka. Ukizidi, mfupa unatoka mweupe kama chaki, nguvu zimekwisha. Tuliotaka ni mweusi unaoelekea kijivu. Tukautwanga, tukachekecha, tukaosha, tukajaza kwenye ndoo yenye koki. Floraidi hupenda mfupa. Ndiyo maana inatuumiza, na ndiyo maana chujio lile lilifaa: inanaswa na mfupa wa ng'ombe kabla haijamfikia mtoto.

Bibi mmoja jirani, Mwislamu, alituuliza swali ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amejiandaa nalo. "Wanangu, hii mifupa ni ya mnyama gani?" Tukampeleka machinjioni akajionea mwenyewe. Akachukua ndoo yake siku hiyohiyo.

Kilichotushinda ni kwamba mifupa hushiba. Ikishashiba hainasi tena, na dalili hakuna: maji yanatoka safi vilevile, ladha ileile. Kipimo tu ndicho kinachosema, na kipimo hakikuwa kijijini. Mfadhili wa kazi ile alipoondoka, watu waliendelea kuchujia kwa mifupa iliyochoka wakidhani wamekingwa. Na jikoni makande yaliendelea kutiwa magadi, ambayo nayo yana floraidi yake.

Baadaye nilisoma habari za Bangladesh. Kule visima vya pampu vilichimbwa kwa mamilioni ili watoto wasife kwa kuhara, halafu miaka ya tisini ikadhihirika kwamba vingi vina sumu ya aseniki. Wakavipima, wakavipaka rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Niliwaonea wivu kidogo. Wengi wao waliweza kutembea kutoka kisima chekundu hadi cha kijani. Sisi tungepaka nyekundu tarafa nzima.

Siku hizi kile kiwango cha 8 kimeshushwa, na jiji la Arusha limeletewa maji ya visima virefu, hata kutoka upande wa Hai. Mimi niliyechoma mifupa nasema hivi: chujio ni la kujishikizia tu, dawa ni kuleta maji ya kwingine au kukinga ya mvua. Nawe unayechimba kisima chako Usa River, Ngaramtoni au Singida, kabla hujanunua pampu peleka chupa ya maji maabara, uliza floraidi ni ngapi. Hasa kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 8, maana meno yake ya ukubwani bado yanajengeka.