Gerezani: Siku Tuliyonunua Spana Namba 10

Kuna ugomvi wa hela, kuna ugomvi wa simu, na kuna ugomvi wa nati. Huu wa mwisho ndio ulionipeleka Gerezani, Kariakoo, Jumamosi moja asubuhi, mimi na mume wangu, wote wawili tukiwa bado tumenuna kidogo.

Mkasa wenyewe ulitokea wiki moja kabla. Tulikuwa tunatoka kwenye sendoff Mbezi Beach, saa sita usiku, gari likazima ghafla Barabara ya Bagamoyo. Taa hakuna, honi hakuna. Mimi na viatu virefu, yeye na suti. Akafungua boneti, akatazama, akafunga. Akafungua tena. Nikamwambia, “Angalia kwenye betri.” Akanijibu, “Kwani wewe fundi?”

Basi, usiku ukaharibika hapo hapo. Tulikaa saa nzima ndani ya gari bila kusemeshana, mpaka kijana mmoja wa bodaboda akasimama. Akashika waya wa betri, ukacheza. Akatoa spana, akakaza nati moja, gari likawaka. “Kaka, ililegea tu,” akasema. Dakika 2 hazikufika.

Tulipofika nyumbani ndipo nikaambiwa jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka mitano ya ndoa. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la nne, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha hata bisibisi inavyoshikwa. “Kitu kikiharibika, watu wote wananiangalia mimi,” alisema. “Nami ndani naogopa.” Kumbe ukali ule ulikuwa aibu tu. Mimi nilikulia kwa mjomba aliyekuwa akitengeneza redio Ilala, kazi yangu ikiwa kumshikia tochi. Nilidhani kila mtu anajua vitu hivi. Nikaahidi sitamcheka tena. Naye akasema, “Sawa, twende tukanunue vyetu.”

Mtaa wa wabeba mizigo

Gari tuliliacha nyumbani, maana kutafuta maegesho Kariakoo Jumamosi ni kujitafutia ugomvi mwingine. Tukapanda daladala, tukashukia Msimbazi, tukaingia mitaani kwa miguu. Si unajua Kariakoo: mikokoteni, maboksi, sauti za wauza soksi, na kila mtu ni “bosi” au “shemeji”. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mtaa uliopewa jina na watu wa kubeba mizigo! Nasi tulikuwa tunakwenda huko kuamua tubebe nini.

Ukielekea upande wa Gerezani, harufu inabadilika. Nguo na vipodozi vinabaki nyuma, mbele yako ni grisi, chuma na rangi. Nyundo zinagonga, cheche zinaruka, vipuri vimepangwa mpaka barazani. Tukasimama kwa mzee mmoja aliyekuwa na meza ya zana, mpya upande mmoja na zilizotumika upande mwingine.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Mnajenga?”

“Hatujengi,” mume wangu akajibu. “Tunataka mkoba mdogo. Wa ofisini, wa kwenye gari, wa nyumbani.” Halafu akavuta pumzi. “Na mimi sijui chochote, mzee. Nianzie wapi?”

Nilimtazama. Sijui kama niliwahi kumpenda kuliko dakika ile.

Mzee hakucheka. Alisema, “Usiniulize zana gani nzuri. Niambie kitu gani kimewaharibikia mwaka huu.” Tukahesabu: nati ya betri, plagi ya pasi, skrubu ya bawaba ya kabati, bomba la sinki, na umeme kukatika usiku. Tano tu! Orodha yetu ikatoka hapo, si kwenye picha za matangazo.

Tulichochukua

Bisibisi ilikuwa ya kwanza, ile yenye shina linalochomoka: upande mmoja nyota, upande wa pili bapa. Nyota ya saizi namba 2 ndiyo inayofaa skrubu nyingi za nyumbani. Mzee akampa mume wangu skrubu ajaribu. Ncha ikicheza ndani ya kichwa cha skrubu, saizi si yenyewe, na ukilazimisha unakiharibu kichwa kabisa.

Ya pili ni koleo, plaizi kwa lugha ya mafundi. Ukitaka kuijua nzuri, ifunge kisha uinue kwenye mwanga. Meno yakikutana sawasawa huoni mwanga mahali yanapopaswa kugusana. Fungua na funga: isikwame, na isilegee kama mkasi mbovu.

Ya tatu, spana ya kubadilisha mdomo. Mafundi wanaiita spana malaya, eti kwa sababu haichagui nati. (Mume wangu alicheka hapo, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.) Siri yake ni kubana vizuri kabla ya kuzungusha, na kuivuta upande ambao nguvu inakwenda kwenye taya lisilosogea. Hiyo ni ya bomba la sinki.

Ya nne, bila shaka, spana namba 10, milimita 10. Ndiyo inayofungua nati za betri kwenye magari mengi ya Kijapani, na barabara zetu zimejaa hayo. Mzee akasisitiza: ukifungua, anza na waya wa hasi, ukirudisha, hasi uwe wa mwisho. Ukikosea, spana ikagusa chanya na bodi kwa pamoja, utaona cheche hujapata kuona.

Tukaongeza tochi ya kuvaa kichwani, maana ukishika tochi mkononi umebakiwa na mkono mmoja wa kazi. Tukachukua tepu ya umeme, testa, mkasi mdogo na vipande viwili vya mpira wa tyubu. Mpira huo karibu ni wa bure, na unafunga chochote, kuanzia boneti mpaka boksi la keki. Kila kitu kiliingia kwenye mkoba wa kitambaa usiozidi pochi yangu. Tulitumia kama shilingi 45,000, baada ya kubembelezana sana.

Tulichoacha

Nyundo tuliirudisha. Ni nzito, na ofisini utapigilia nini? Seti ya vipande 40 kwenye boksi linalong'aa nayo tuliirudisha, kwani nusu yake usingeigusa maishani.

Kisu chenye zana nyingi kilitutia tamaa. Cha Uswisi, kile chekundu cha Victorinox, asili yake ni kisu ambacho Karl Elsener alikisajili mwaka 1897. Koleo lenye zana nyingi lina hadithi inayotuhusu sisi wenye ndoa. Mwaka 1975, Mmarekani Tim Leatherman na mkewe Chau walikuwa wakizunguka Ulaya kwa Fiat kuukuu iliyokuwa ikiharibika kila mara. Alikuwa na kisu cha mfukoni, lakini alichohitaji ni plaizi. Akaamua kuibuni mwenyewe, na ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1983. Miaka minane! Sijui Chau alivumilia vipi mezani.

Sisi tuliacha, kwa sababu zana moja ya bei kubwa ikipotea umepoteza zote. Tena kisu hakina kazi nyingi ofisini ambayo mkasi haufanyi. Mkisafiri kwa ndege, mkoba huu uingie kwenye begi linalopelekwa chini, si la mkononi, ili msije mkauacha mikononi mwa wakaguzi.

Mpaka wake

Kabla hatujaondoka mzee alimshika mume wangu bega. “Mwanangu, mpira kwenye mpini si kinga ya umeme.” Zana za kazi ya umeme huandikwa 1000 V, na umeme wa nyumbani ni volti 230, unaotosha kuua. Plagi ichomolewe kwanza ndipo ifunguliwe. Ya ukutani mwachie fundi. Kujua mahali pa kuishia nako ni ufundi.

Wiki mbili baadaye bawaba ya kabati ililegea tena. Zamani ningenyanyuka mwenyewe, nikaze kimya kimya, halafu nimkumbushe kwa mwezi mzima. Safari hii nilimwita. Alichukua kama dakika 20 kwa skrubu mbili, na moja alianza kuizungusha kinyume. Nilikaa chini nikamshikia mlango, mdomo nimeufunga. Alipomaliza akaufungua na kuufunga mara nne, anausikiliza tu.

Kwa hiyo wikiendi moja, wewe na mwenzi wako andikeni vitu vitano vilivyowaharibikia mwaka huu, kisha mwende Gerezani pamoja. Nendeni asubuhi, kabla ya jua na msongamano. Na yule asiyejua aachwe aulize yeye.