Jina la Kulamawe na Jalada Lililopotea

Mimi ni mzaliwa wa Kulamawe, kando ya barabara itokayo Isiolo kuelekea Garba Tulla. Naitaja barabara hiyo kwa makusudi, kwa kuwa mjini Isiolo kwenyewe kuna mtaa uitwao Kulamawe pia, na si mara moja mzigo wangu umeteremshwa huko ilhali mimi niko huku. Jina ni la Kiswahili, lakini wenyeji wengi ni Waborana na lugha ya nyumbani ni Kiborana. Wazee wana masimulizi yao kuhusu asili ya jina hilo, leo sitayaingilia. Linalonishughulisha ni namna linavyoandikwa na linavyotafutwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa jukumu la kufundisha utangulizi wa isimu kwa wanafunzi wa sayansi ya habari, yaani wakutubi na watunza kumbukumbu wa kesho. Nilianza kama nilivyoanzishwa mimi: fonimu, alofoni, mofimu. Katika wiki ya tatu msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, kwa heshima zote, fonimu itanisaidia vipi kulipata jalada?" Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani swali lile lilinirudisha nyumbani.

Mdogo wangu alipomaliza shule ya msingi aliitwa kujiunga na shule ya upili, na baba akamwombea msaada wa karo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Alipokwenda kuulizia, karani, kijana mwenye adabu, alipekua majalada kisha akasema, "Mzee, jina la mwanao halimo." Baba akamjibu, "Mwanangu, fomu niliileta kwa mkono wangu huu. Tafuta tena." Akatafuta tena. Halikuwamo. Baba alirudi mara 3, na kila safari nauli ilitoka kwa mbuzi aliyeuzwa. Muhula ukapita. Mdogo wangu alibaki nyumbani akichunga, wenzake wakijifunza aljebra.

Jalada lilipatikana likizo ya Agosti. Halikuwa limepotea, lilikuwa mahali pake, kwa mujibu wa aliyeliweka. Lilikuwa ndani ya furushi la Kulamawe ya mjini, na humo lilipangwa chini ya jina la babu yetu, kwa sababu fomu ilidai "jina la ukoo". Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana hiyo. Mtu hutajwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Mtu aitwaye, tuseme, Halake Guyo ni Halake; ukimpindua akawa "Guyo, Halake", umekwenda kumtafuta baba yake.

Basi siku ile niliyaweka kando maandalizi yangu, nikaandika ubaoni neno moja: KULAMAWE. Niliwataka wanafunzi walichanganue. Mawe ni wingi wa jiwe. Ukiondoa viambishi ji- na ma-, mzizi unaobaki ni -we. Katika kula, ku- ni kiambishi na -a ni kiishio. Mzizi ni konsonanti moja tu, -l-. Jina zima la kwetu limejengwa juu ya herufi tatu! Nikawauliza: je, tarakilishi itafuteje mzizi wa herufi moja? Wakijaribu "kula" watapata anakula, walikula, hata chakula, lakini hawatapata hawali, wala mlo, wala mlaji. Na watazolewa kulala, kulaani na kulazimika, maneno yasiyo na undugu wowote na tonge.

Hapo ndipo kicheko kilipokoma. Programu nyingi za utafutaji zilibuniwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni, hivyo zinakata mikia. Kiswahili hubadilika kichwani pia. Kitabu kiko kwenye K, vitabu viko kwenye V. Mtu na watu wametenganishwa na nusu ya alfabeti. Watunga kamusi waliliona tatizo hili mapema: kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliweka nomino nyingi chini ya vitenzi zilikotoka, utaratibu unaompendeza mwanaisimu na kumtesa mwanafunzi asiyejua mzizi.

Niliwaeleza pia jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua nikiwa nimechelewa. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyelitia jina la Bantu katika sarufi yake linganishi ya mwaka 1862 na kuzipa ngeli namba, alikuwa mkutubi. Alitunza maktaba ya Sir George Grey mjini Cape Town hadi alipofariki mwaka 1875. Naungama kwamba kwa miaka mingi niliwadharau wakutubi kimoyomoyo.

Fonimu nayo? Nilimrudia yule msichana. Katika Kioromo, ambacho Kiborana ni lahaja yake, badaa ni -baya na baddaa ni nyanda za juu; tofauti ni urefu wa konsonanti. Ipo pia dh ambayo si ile ya "dhahabu", bali hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani. Kule Ethiopia alfabeti ya Kilatini ilipitishwa kwa Kioromo mwaka 1991, na sauti hizi zina tahajia yake. Huku kwetu karani huandika anavyosikia, na sikio lake limefunzwa Kiswahili na Kiingereza. Anayesikia d anaandika d, anayesikia dh anaandika dh, na mtu mmoja anakuwa wawili.

Kwa zoezi, niliwaagiza walete maumbo yote ya jina moja la mahali. Msichana alileta Garba Tulla, Garbatulla, Garba Tula na Garbatula. Mwenzake alishughulikia la kwetu: ukipanga neno kwa neno, "Kula Mawe" hutangulia Kulal, ule mlima wa Marsabit, likiandikwa neno moja, "Kulamawe" huja baada yake. "Sasa lipi ni sahihi, mwalimu?" msichana akauliza. Nilimwambia achague moja, na mengine yote ayaandikie "tazama".

Mdogo wangu aliingia kidato cha kwanza mwaka uliofuata, nyuma ya rika lake. Hadi leo, kila ajazapo fomu, huandika makazi yake hivi: Kulamawe, barabara ya Garba Tulla. Kisha chini yake, kwa herufi ndogo, huongeza: Kula Mawe.