Zuhura Juu ya Kalinzi
Jioni moja Kalinzi, katikati ya mibuni, mchumba wangu alinionyesha Zuhura iking'aa magharibi. "Nyota ya wapendanao hiyo. Twende?"

Mpenzi msomaji, usidanganyike na mng'aro! Ile ni sayari yenye mawingu ya tindikali na joto la nyuzi 460 hivi. Ukidondokea huko unaokwa huku unapondwa, maana hewa yake inakandamiza takribani mara 90 kuliko yetu.

"Ni kama kuzama mita 900 ziwani," nikajifanya mjuaji, "na Tanganyika ina kina cha mita 1,470!"

Akanyamaza. Ndipo nikakumbuka: baba yake alikuwa mvuvi, na ziwa halikumrudisha.

Nikamshika mkono.

"Basi tubaki huku juu," akasema.

Tulibaki hadi Zuhura ilipozama upande wa Kongo.