Meza ya Kitandani na Mkono wa Mgonjwa

Katika vyombo vyote ambavyo Waingereza wamevibuni kwa ajili ya wagonjwa wao, na vingine ni vya ajabu na vya thamani kubwa, hakuna kilichonigusa moyo kama meza moja ya kadiri, isiyo na pambo wala fahari, iliyoletwa nyumbani kwa ami yangu hapa Leicester msimu huu wa baridi, baada ya kiharusi kumlegeza upande wake wote wa kushoto. Ina nguzo moja tu ya chuma, nayo imesimama pembeni; miguu yake miwili iliyolala chini hupita uvunguni mwa kitanda, na ubao wake hutanda juu ya mapaja ya mgonjwa bila ya kumgusa. Chini ya ukingo wa ubao mna wenzo mdogo ambao ukibanwa kwa vidole, ubao hupanda wenyewe polepole kwa nguvu ya springi ya gesi iliyofichwa ndani ya nguzo, na ukibanwa tena huku ubao ukikandamizwa kidogo, hushuka ukakaa pale utakapo. Mtu aliyebakiwa na mkono mmoja wenye uhai aweza kuifanya kazi hiyo peke yake, wala asimwite mtu.

Kabla ya meza kuletwa alitangulia bibi mmoja mtaalamu wa tiba kazi, akiwa na utepe wa kupimia na daftari. Alipima kimo cha godoro kutoka sakafuni, akapima nafasi iliyopo baina ya sakafu na fremu ya kitanda, kwa sababu vitanda vya wagonjwa vyenye mota huwa na vyuma vingi uvunguni ambavyo huizuia miguu ya meza isipite. Kisha akamkalisha ami wima, akamwomba alegeze mabega, akapima kilipo kiwiko chake, maana ubao ukizidi kiwiko bega hupandishwa likachoka, na ukipungua sana mgonjwa huinama hata kifua kikabanwa. Alieleza kwamba nguzo haina budi kuingilia upande wa kulia, ulio na nguvu, ili ami akitaka kuiondoa aisukume mwenyewe, kwani meza iliyoingilia upande uliolegea humfungia mtu kitandani kama komeo. Alisema pia kwamba mkono wa kushoto usiachwe ukining'inia, bali ulazwe juu ya ubao wakati wote wa kula, kwa kuwa uzito wa mkono usio na nguvu huvuta kiungo cha bega na kuleta maumivu yasiyokwisha upesi. Na kwamba kikombe kiwekwe kulia, kwa sababu akili ya mtu aliyepatwa na kiharusi katika ubongo wa kulia huweza kuusahau upande wote wa kushoto, ingawa macho yake ni mazima, akala nusu ya sahani na kudhani chakula kimekwisha.

Haya yote ni elimu, na elimu yastahili sifa. Lakini lililonishinda nguvu ni swali lake la mwisho, alipoweka kalamu chini na kumuuliza ami ni mambo gani ambayo angependa kuyafanya kwa mkono wake mwenyewe. Ami, ambaye tangu arudi kutoka hospitali hakuwa akisema zaidi ya ndiyo na la, alijibu bila ya kusita: kula wali kwa vidole, na kusoma msahafu.

Bibi yule aliandika majibu hayo katika daftari lake kwa taadhima ile ile aliyoandikia vipimo, na meza ikachaguliwa kwa mujibu wake. Ubao umegawanyika sehemu mbili: iliyo kubwa huinuliwa ikakaa mshazari mbele ya msomaji, na ina mdomo wa kuzuia kitabu kisiteleze, iliyo ndogo hubaki sawa daima, kwa ajili ya kikombe na miwani. Ukingo wa ubao umenyanyuliwa kidogo pande zote, na mtu aliyemwona mgonjwa wa mkono mmoja akifinyanga tonge atajua faida ya ukingo huo, kwa kuwa punje zinazomponyoka hubaki mbele yake akaziokota, hazianguki shukani zikamfedhehesha. Mke wa ami hufuta ubao baada ya chakula, akatandika kitambaa cheupe cha melimeli ili msahafu usikae palipokaa mchuzi, na meza ile iliyotoka kiwandani ikawa marufaa. Jioni moja nilimkuta ami amefika katikati ya juzuu ya Amma, na sauti yake, ingawa ilikuwa nzito na yenye kukwama, ilisikika hata barazani.

Juma lililopita nilimpigia simu ndugu yangu Mombasa kumhadithia habari hizi, nikamwomba amtafutie mamake, ambaye ni mama mkubwa wangu, meza ya namna hiyo, kwa kuwa naye maradhi yake ni hayo hayo, na amelala katika chumba cha nyuma kwa muda mrefu kuliko ami. Jibu alilonipa limenikaa rohoni hadi leo. Alisema: "Mama ana watoto, ana wajukuu, ana sisi sote, meza ya nini?" Alisema hivyo kwa mapenzi, nami namjua kuwa ni mwana mwema ambaye hajalala usiku mmoja bila ya kuchungulia chumbani mwa mamake. Na ni mapenzi hayo hayo yanayonitia uchungu, kwa sababu nimeyaona matokeo yake. Niliporejea nyumbani mara ya mwisho nilimwona mama mkubwa, mwanamke aliyekuwa akisimamia madegi ya pilau ya harusi za mtaa mzima, ambaye wapishi wanaume walikuwa wakimngoja aonje ndipo wapakue, amelazwa chali juu ya mito miwili, na mjukuu wake amekaa ukingoni na bakuli la uji, akimwambia afungue kinywa; naye akikifungua. Mkono wake wa kulia, ulio mzima, ulikuwa umelala juu ya shuka bila ya kazi.

Mtu asinielewe kwamba nadharau mkono unaomlisha mgonjwa. Nasema kwamba kumlisha mtu asiyeweza ni rehema, na kumlisha yule awezaye ni kumnyang'anya kitu ambacho hakitarudi, kwa maana mkono usiotumiwa hudhoofika, na moyo hudhoofika pamoja nao. Fauka ya hayo mna hatari ya mwili. Kiharusi aghalabu huharibu kumeza, na mgonjwa aliyelala chali akimiminiwa uji huweza kuuvuta pafuni, ikazuka nimonia ambayo kwetu husemwa kuwa ni baridi imemwingia. Akikalishwa wima, kidevu kikainama kidogo, mikono yote miwili ikiwa imeegemea ubao, koo hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Na atakapo kupumzika baina ya tonge na tonge hupumzika, kwa kuwa kijiko ki mkononi mwake na hakuna anayemharakisha. Tena lipo jambo la maji, ambalo laniudhi kuliko yote. Mama mkubwa hunywa maji kidogo mno, na sababu ni kwamba kikombe huwekwa juu ya kabati lililo nyuma ya kichwa chake, naye ni mtu wa haya, hapendi kusumbua watu wenye shughuli zao. Nyumba imejaa jamaa, na mgonjwa ana kiu.

Wala sisemi kwamba Waingereza wamesalimika. Uchunguzi alioufanya mwanasheria Robert Francis juu ya hospitali ya Stafford, ambao ripoti yake ilitangazwa mwaka 2013, ulidhihirisha kwamba wagonjwa walikuwa wakiachiwa chakula na vinywaji pasipofikika na mikono yao, na trei zikaondolewa kama zilivyoletwa. Meza zilikuwako, aliyekosekana ni mtu wa kuzisogeza. Florence Nightingale alikuwa amekwisha kuwaonya wauguzi, katika kitabu chake cha mwaka 1859, wasiache chakula kando ya mgonjwa kwa kutumaini kwamba atakila baadaye. Na wako wazee katika mji huu ambao hula juu ya meza nzuri kabisa, peke yao, siku zote za mwaka, jambo ambalo sitaki kulifikiria kwa sasa.

Chombo chenyewe kina nasaba ndefu. Katika karne ya 19 fundi mmoja wa London, J. Carter, alikuwa akiuza meza za kutanda juu ya kitanda, pamoja na chombo cha kushikilia kitabu mbele ya mtu aliyelala. Bibi Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland, alibuni katika miaka ya 1920 meza ya mviringo ya bomba la chuma na kioo, kwa ajili ya nyumba yake ya E-1027 iliyo juu ya bahari huko Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa. Nguzo yake i pembeni, nacho kitako chake huingia chini ya kitanda, na husimuliwa kwamba aliifanya kwa ajili ya dada yake aliyependa kufungua kinywa kitandani. Leo matajiri huiweka sebuleni. Katika miaka ya 1960 Bruce Archer na Kenneth Agnew wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, walikaa wakichunguza jinsi wauguzi na wagonjwa wanavyokitumia kitanda cha hospitali hata wakatoa kitanda cha kupandishwa na kushushwa; na kitanda kikishaanza kupanda na kushuka, meza iliyosimama kimo kimoja haina maana tena. Nayahesabu haya kwa sababu nataka ndugu yangu ajue kwamba watu wenye akili nyingi wametumia umri wao kufikiria umbali uliopo baina ya mgonjwa na kikombe chake.

Ipo faraja nyingine huku, ya serikali. Kwa kanuni zilizotokana na sheria ya matunzo ya mwaka 2014, kifaa cha msaada kisichozidi paundi 1,000, mtu akishathibitishwa kuwa anakihitaji, halmashauri za England humpa bila ya malipo. Kwetu mambo hayo twayajua yalivyo.

Lakini hata kama ningeitia meza ya ami ndani ya sanduku na kuipeleka Mombasa, isingemfaa mama mkubwa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba maendeleo ni kuagiza. Meza za namna hii aghalabu hupanda kutoka sentimita 70 hivi hadi 110 hivi, ilhali mama mkubwa amelala juu ya samadari ya bibi yake, ambayo hupandwa kwa kigoda, na mapaja ya mtu aliyeketi juu yake yamekwisha kupita kadiri hiyo au yamekaribia. Magurudumu yake madogo yangekwama katika kizingiti cha kila mlango. Hewa ya chumvi ingeila nguzo, na siku springi ya gesi itakapochoka, nani angeibadilisha? Wala kuiiga kwa picha tu hakutoshi: jirani mmoja wa kule alimpelekea fundi wa kuchomelea picha ya meza hii, na fundi akaunda kitu cha kupendeza macho, ila miguu aliifupisha ili kuokoa bomba. Sinia ilipowekwa kwenye ncha ya ubao meza yote ilipinduka juu ya mgonjwa, na chai ilikuwa ya moto. Fundi hakuambiwa na mtu kwamba miguu ya chini lazima ifike pale ubao wa juu unapofika, kwa kuwa meza yenye nguzo upande mmoja husimama kwa miguu hiyo tu.

Na mafundi tunao. Chama cha APDK, kilichoanzishwa Kenya mwaka 1958 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, kina karakana zake Bombolulu tangu 1969, na viti vya magurudumu huundwa pale pale Mombasa na mikono inayoijua haja ya mtumiaji. Na huko Moshi, Tanzania, penye hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT chafundisha ufundi wa viungo bandia tangu 1981. Nchi iwezayo kuunda kiti cha magurudumu haiwezi kushindwa na meza. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuitaka, naye hawezi kwenda kuitaka maadamu anaamini kwamba wajukuu wanatosha.

Kwa hiyo nimeandika vipimo mwenyewe, nao wapwa zangu wamekubali kunipimia samadari usiku, mama mkubwa akiwa macho, ili wamuulize yeye kiko wapi kiwiko chake. Nguzo nataka iwe ya mabomba mawili ya mraba, moja ndani ya jingine, yenye matundu na pini nene, badala ya gesi. Najua kwamba kwa pini mama hataweza kuipandisha mwenyewe, na hilo lanisumbua, hata nimefikiria kutundika uzito wa kusawazisha ndani ya nguzo, ila sijapata fundi wa kubishana naye juu yake. Magurudumu yawe makubwa, mawili yawe na breki, na mama aambiwe asiishike meza anapotaka kujiinua, kwa sababu itamkimbia. Ubao uwe na ukingo, na upana wa kutosha sinia ndogo na mkono wa kushoto kando yake. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na ndani ya mabomba pia. Msomaji aliyeko Mombasa ambaye anamjua fundi mwenye subira na aniandikie. Gharama ni juu yangu, na mchoro nitampelekea kwa mkono wa jamaa anayesafiri mwezi ujao.