Bastola Iliyolala Oldeani

Ndugu msomaji, ukifunga safari ya kutoka Arusha kwenda Ngorongoro, usikubali gari likupitishe Karatu bila kushuka. Wengi hufanya hivyo. Wakisha kuvuka Mto wa Mbu na kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, macho yao huwa yametangulia kwenye Kreta, na mji huu wa udongo mwekundu huwa kwao ni mahali pa kujaza mafuta tu. Wewe shuka. Agiza chai ya maziwa, kisha utazame upande wa magharibi, ulipo mlima Oldeani. Kwenye miteremko yake yamo mashamba ya kahawa yaliyofunguliwa na walowezi, wengi wao Wajerumani, katika miaka ya 1920 na 1930. Huko ndiko ilikotoka habari ninayotaka kukusimulia.

Mzee mmoja wa Kiiraqw, mwenye umri wa miaka themanini na ushei, alisikia kwamba napenda vitu vya kale. Akanikaribisha nyumbani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba, alivuta sanduku la mbao kutoka uvunguni mwa kitanda, akalifungua, akatoa kifurushi cha gunia. Ndani yake ilikuwamo bastola.

Ilikuwa ya aina ile yenye silinda inayozunguka, yenye matundu sita ya risasi. Matundu yote yalikuwa matupu. Kutu ilikuwa imeishika silinda hata haikuzunguka tena. Mti wa mpini ulikuwa umepasuka. Kifyatuo kilicheza kama jino la mtoto. Ubavuni, chini ya kutu, lilisomeka jina la mji wa Erfurt. Hii ilikuwa silaha ya jeshi la Ujerumani, ya muundo wa mwaka 1883, yenye mtutu wa milimita 10.6. Ni bastola nzito na ya polepole. Mpigaji huvuta nyundo yake kwa kidole gumba kila anapotaka kupiga, na maganda ya risasi hayajitoi yenyewe, bali husukumwa nje moja moja kwa kijiti.

Mzee alinieleza kwamba baba yake alikuwa kibarua wa mlowezi mmoja huko Oldeani. Vita vilipozuka Septemba 1939, Wajerumani wa Tanganyika walikamatwa. Bwana yule aliondoka na mkoba mdogo, akamwachia kibarua wake sanduku alitunze mpaka atakaporudi. Hakurudi.

"Nipe chochote, mwanangu," mzee akasema. "Nataka mabati. Mvua inaninyeshea ndani."

Sitakuficha, msomaji, nilitamani. Nilikwisha kuiona bastola ile sebuleni kwangu, ndani ya kisanduku cha kioo, wageni wakiishangaa. Nilijua pia namna chuma cha kale kinavyotunzwa. Hakisuguliwi kwa msasa. Hulowekwa katika mafuta siku nyingi hadi kilegee, kisha kutu huondolewa kidogo kidogo, kwa subira, ili alama za kiwandani zisifutike. Mti uliopasuka huunganishwa kwa gundi, hautupwi. Lakini silinda ikiwa na ufa, hapo hakuna tiba: anayeifyatua hujiua mwenyewe. Nikamwomba mzee anipe siku mbili nifikiri.

Siku ya kwanza nilipanda Ngorongoro. Ukisha kupita lango la Lodoare, barabara huingia katika msitu wenye ukungu, hadi ukingoni, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hapo ardhi hukatika ghafula. Chini yako, mita 600 hivi, limelala bonde la kilometa za mraba zipatazo 260, na nyumbu huonekana kama siafu.

Ndani ya Kreta hiyo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walilima ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, waliokodishiwa ardhi na serikali ya kikoloni. Waliwaalika rafiki zao waje kuwinda, na walijaribu hata kuwafukuza nyumbu watoke bondeni. Baada ya vita shamba lao liliangukia mikononi mwa Sir Charles Ross, Mskoti ambaye ndiye aliyebuni bunduki iliyoitwa kwa jina lake. Askari wa Kanada walikwenda nayo Ulaya. Ikakwama kwenye matope ya mahandaki, na mwaka 1916 wakapewa nyingine.

Lakini bunduki zilizofuata hazikukwama. Kati ya mwaka 1964 na 1966 mtafiti John Goddard aliwahesabu faru 108 katika Kreta. Majangili wakaja, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 faru walikuwa hawafiki ishirini. Niliposimama ukingoni, ile bastola ya sebuleni ilianza kupoteza uzuri wake.

Siku ya pili niliteremkia Mang'ola, bonde la vitunguu kando ya Ziwa Eyasi. Huko wako wahunzi wa Kidatoga. Mmoja alikuwa kivulini, mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikihema kandoni mwake, akiyeyusha makufuli mabovu na mabomba makuukuu ya shaba ili afue bangili. Misumari huigeuza vichwa vya mishale, na Wahadzabe huja kuvichukua kwa kubadilishana na asali. Usione vyaelea, vimeundwa. Nilimuuliza kama chuma kilichozoea kazi moja kinaweza kufanya nyingine.

"Chuma hakina mazoea," akajibu bila kuinua kichwa. "Mwenye mazoea ni mtu."

Nilirudi Karatu nikamweleza mzee ukweli. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki silaha bila kibali, wala kuiuza au kuinunua kwa siri. Mzee alinyamaza kitambo kirefu. Hakuwa na uroho. Alikuwa na hofu.

"Wataniuliza ilikuwa wapi miaka yote hii," akasema. "Niseme nini?"

"Utasema hayo uliyoniambia mimi."

Tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akatusindikiza hadi kituo cha polisi. Mzee aliandikisha maelezo yake tangu mwaka 1939, neno kwa neno, akaiweka bastola mezani. Jioni alikuwa nyumbani kwake. Njiani aliniambia kwamba usiku ule angelala bila kitu uvunguni kwa mara ya kwanza tangu babake afariki.

Nami nilinunua sanduku. Nililipa bei ya halali ya sanduku la mninga lenye bawaba moja iliyovunjika, si zaidi. Fedha hizo zilitosha mabati matano. Mzee alihitaji kumi na mawili. Nakwambia hili ili usidhani kwamba kutenda haki humaliza shida zote. Bawaba mpya nilifuliwa Mang'ola na mhunzi yule yule, na sasa watoto wangu huweka humo madaftari yao.

Basi, ndugu msomaji, huenda nawe kwenu kuna kifurushi kilichoachwa na babu, ambacho hakuna athubutuye kukitaja. Usingoje mtoto akigundue akicheza. Kikabidhi panapohusika, na habari yake uwasimulie wanao. Na siku utakapopita Karatu, shuka unywe chai. Oldeani itakuwa pale pale, magharibi, na ukiwa na bahati utaiona bila mawingu.